Swichi kuu zikaguliwe kabla ya moto

Wamiliki wa viwanda, hoteli na majumba ya biashara nchini wana mazoea mabaya ambayo naona yafaa kukomeshwa. Jengo linapokamilika, kabati za swichi kuu za umeme huwekwa katika chumba chake, mlango hutiwa kufuli, na tangu siku hiyo chumba hicho hakikumbukwi mpaka taa zizimike. Maadamu umeme unawaka, huaminiwa kwamba kila kitu ki salama. Imani hiyo ni ya hatari.

Swichi kuu si kama mashine ya kusaga unga, ambayo hufanya kazi kutwa na ikiharibika mwenyewe hujua papo hapo. Kazi yake kubwa ni kungoja. Yaweza kukaa miaka 10 ikipitisha umeme tu bila kuguswa, kisha siku moja nyaya zikagusana na ikatakiwa ikate mkondo kabla mtu hajapepesa jicho. Iwapo grisi imekauka na vyuma vimeshikana, haitakata kwa wakati. Hapo ndipo cheche hugeuka moto wa maelfu ya digrii, kabati hupasuka, na fundi aliyesimama mbele yake huungua au kufa.

Kasoro hizi huanza kidogo kidogo. Nati hulegea, vumbi hurundikana, unyevu huingia, panya hutafuta joto. Kiungo kilicholegea hupata moto, na mkondo ukiongezeka maradufu, joto linalozalishwa hapo huongezeka mara 4. Jicho halioni hayo, lakini kamera ya kupima joto huyaona hata jengo likiwa kazini. Na umeme ukizimwa kwa mpango, fundi aweza kusafisha, kukaza nati, kutia grisi, kupima kama vihami bado vyazuia umeme kuvuja, na kujaribu kama swichi yakata kwa kasi iliyowekwa na kiwanda kilichoiunda.

Sisi Wakenya tunao ushahidi wa karibu. Mnamo Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima, sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilibaki gizani kwa saa kadhaa kwa sababu jenereta ya akiba haikuwaka. Mkuu wa halmashauri ya viwanja vya ndege alifutwa kazi. Hata hivyo, kumfuta mtu kazi hakutengenezi mtambo. Chombo cha akiba, sawa na swichi, hakijulikani kuwa kizima ila kwa kujaribiwa.

Wala si sisi peke yetu. Usiku wa Machi 20, 2025, transfoma katika kituo cha umeme cha North Hyde, magharibi mwa London, ilishika moto, na siku iliyofuata uwanja wa Heathrow ukafungwa. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Julai mwaka huo ilisema kwamba yamkini chanzo kilikuwa unyevu ulioingia ndani ya sehemu moja ya transfoma hiyo, na kwamba dalili za unyevu huo zilikuwa zimeonekana katika vipimo vya mafuta yake tangu mwaka 2018. Kipimo kilichukuliwa, hatua haikuchukuliwa. Kwa hiyo kupima peke yake hakutoshi. Karatasi ya vipimo iliyofungiwa kabatini haimkingi mtu na lolote.

Najua jibu la wenye mali: kuzima umeme ni hasara. Nawauliza, ni ipi hasara kubwa, Jumapili moja iliyopangwa mapema, au Jumatatu ambayo kiwanda kimeteketea na wafanyakazi wamerudishwa nyumbani kwa miezi? Na hospitali je, ambako mgonjwa yu juu ya meza ya upasuaji?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kila mahali pa kazi pakaguliwe angalau mara moja katika kila miezi 12. Rai yangu ni kwamba ukaguzi huo usiishie kuhesabu mitungi ya kuzimia moto. Mkaguzi aombe kufunguliwa chumba cha swichi, aone tarehe ya jaribio la mwisho, jina la fundi mwenye leseni aliyelifanya, kasoro alizozikuta, na siku kila kasoro iliporekebishwa. Kampuni za bima nazo zidai karatasi hiyo kabla ya kuandika mkataba. Nchini Marekani, mwongozo uitwao NFPA 70B, ambao kwa miaka mingi ulikuwa ushauri tu kuhusu utunzaji wa mitambo ya umeme, uligeuzwa mwaka 2023 kuwa kiwango kinachoamrisha. Sioni kwa nini sisi tuendelee kubembelezana.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Lakini katika jambo hili anayedharau mwiba siye aotaye tende. Mwenye jengo yu ofisini mwake, mbali na moto. Atakayetumwa kuufungua mlango ule wa chuma, siku swichi itakapokataa kukata, ni kijana wa mshahara mdogo mwenye bisibisi mkononi. Yeye ndiye tunayemdai ukaguzi huu.