Pupa Inapodiriki Tamu

Wahenga walilonga kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Methali hii imetungiwa insha miaka nenda miaka rudi, lakini ni nadra mwanafunzi kuuliza: je, ni wapi pupa hudiriki tamu? Ajabu ni kwamba swali hilo limejibiwa, na waliolijibu si washairi wala wanaisimu bali ni wanahisabati. Jibu lao lastahili kuwashughulisha wapenzi wa Kiswahili, hasa wale wangali wanaoamini kuwa lugha hii inatosha ushairi na siasa tu.

Pupa ya wanahisabati ni njia ya kuteua. Katika kila hatua mtu hutwaa kilicho bora mbele yake, wala harudi nyuma kusahihisha. Chukua mwenye duka anayetaka kurudisha shilingi 80 kwa vipande vichache vya fedha iwezekanavyo. Akienda kwa pupa atatoa noti ya 50, sarafu ya 20, kisha ya 10: vipande vitatu. Kumbe angekuwa na zile sarafu za shilingi 40 zilizotolewa Kenya mwaka wa 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, mbili zingetosha. Hapa wahenga wameshinda.

Kwingineko wameshindwa. Mwaka wa 1926 Otakar Borůvka alishughulikia suala la kuunganisha miji ya Moravia, katika Chekoslovakia ya wakati huo, kwa nyaya za umeme zenye urefu mdogo kabisa. Njia aliyoieleza Mmarekani Joseph Kruskal mwaka wa 1956 ni pupa tupu: twaa waya mfupi kuliko zote, kisha unaoufuata, ukiruka wowote ule unaofunga mzunguko. Matokeo hayana kasoro.

Siri iko katika umbo ambalo Hassler Whitney alikuwa amelipa jina mwaka wa 1935: matroidi. Ni mkusanyiko wa teuzi halali wenye sharti mbili. Kwanza, sehemu yoyote ya uteuzi halali nayo ni halali. Pili, uteuzi halali ulio mdogo waweza daima kuongezewa kitu kutoka kwa ulio mkubwa, ukabaki halali. Kufikia mapema miaka ya 1970 ilikuwa imethibitishwa kwamba, sharti la kwanza likishatimizwa, pupa hudiriki tamu kwa kila namna ya kuvithaminisha vitu pale tu ambapo sharti la pili nalo limetimizwa.

Je, aya hiyo ilihitaji Kiingereza? Neno moja tu limetoholewa, na hata Whitney mwenyewe alilichonga kutokana na matriki. Makosa ya wengi ni kudhani kuwa kazi ya istilahi ni kuorodhesha majina. Orodha bila fasili ni mifuko mitupu. Isitoshe, mwenye orodha angeandika “tamaa” bila kusita, ilhali tamaa ni hali ya moyo. Pupa ni namna ya kutenda, na ndiyo inayojadiliwa hapa. Anayejua tofauti hiyo ni mwanafunzi wa Kiswahili, si wa hisabati.

Mwaka wa 1981 Bernhard Korte na László Lovász waliupanua uwanja huu kwa kuasisi gridoidi, ambamo mpangilio wa kuteua una uzito wake. Ndani yake mna matroidi, na mna jamii nyingine, antimatroidi, inayotokana na maumbo mbinuko, yaani yale ambayo mstari unyoofu kati ya nukta zake mbili zozote hautoki nje. Tuseme kuna vigingi uwanjani vilivyozungushiwa kamba iliyokazwa. Kigingi cha pembeni chaweza kung’olewa. Kamba ikikazwa upya, vya ndani navyo huja pembeni. Kilichokuwa pembeni hakipotezi nafasi hiyo kwa sababu wengine wametangulia kung’olewa. Jean-Paul Doignon na Jean-Claude Falmagne walitumia umbo lilo hilo kueleza ujifunzaji: somo ambalo mwanafunzi yu tayari kulipokea halimfungii mlango akianza na jingine.

Hapa ndipo mtego ulipo. Mfasiri mwenye haraka ataandika “kinyume cha matroidi” na kuendelea na safari yake. Kinachopingwa si matroidi bali ni kanuni ya kubadilishana. Katika matroidi, ikiwa kuongeza A kunaleta B ambacho hakikuwamo, basi kuongeza B kungeleta A. Kwa kamba na vigingi, ikiwa kigingi A kinakiingiza B ndani ya kamba, B kamwe hakitakiingiza A. Tena mkusanyiko ambamo kila uteuzi ni halali ni matroidi na antimatroidi kwa wakati mmoja.