Chokoraa si Jina la Mtoto

Hakuna mama aliyepata kuzaa chokoraa. Mama huzaa mtoto, humpa jina, na hulitamka jina hilo kwa furaha. Chokoraa huzaliwa baadaye, vinywani mwetu sisi watu wazima, tupitapo njiani tukikumbatia mifuko yetu kwa hofu.

Hesabu ya taifa iliyofanywa mwaka 2018 iliwakuta watu 46,639 wakiishi mitaani katika Kenya, wakubwa kwa wadogo. Kati yao 15,337 walikuwa Nairobi. Watu hawa hawakushuka na mvua. Kila mmoja ana mahali alipotoka, na wengine walitoka katika vilima kama hivi vyetu vya chai.

Nasema hivyo kwa ushahidi unaonihukumu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi mmoja wa darasa langu hapa Kimulot aliacha kuja shuleni. Mashine za kuchuma chai zilikuwa zimeingia shambani alikofanya kazi baba yake. Kazi ikakoma, na nyumba ya kambi ikaondoka pamoja na kazi. Mimi, mwalimu wake, nilifungua daftari la mahudhurio, nikaandika mbele ya jina lake neno moja: mtoro. Sikwenda kwao, wala sikumwuliza jirani. Mwaka uliofuata nilimkuta mjini Kericho, gunia begani, akiokota chupa za plastiki apate kuziuza kwa kilo. Aliniamkia kwa adabu kama alivyofundishwa. Adabu yake haikuwa imepotea. Wajibu wangu ndio uliopotea.

Wako watu wasemao kwamba watoto hawa ni wezi, na kwamba dawa yao ni kuondolewa mjini. Dawa hiyo imejaribiwa. Sheria ya uzururaji, tuliyoirithi kwa wakoloni, ilimfanya mtu asiye na makao kuwa mkosaji, mpaka ilipofutwa mwaka 1997. Sheria ilifutwa, fikira yake ikabaki. Katika Februari 2019 watoto na vijana wa mitaani walitolewa mjini Nakuru, wakapakiwa garini, wakatupwa katika msitu wa Chemasusu, Baringo. Seneti iliunda kamati kulichunguza jambo hilo. Nawauliza watetezi wa dawa hii: je, msitu una mama? Una shule? Taka huondolewa, binadamu hurudishwa kwao.

Wako wengine, wenye moyo laini, warushao shilingi kumi kupitia dirisha la gari, kisha wakaenda zao wakiwa wameridhika. Sisemi mwenye njaa anyimwe chakula. Nasema kwamba sarafu hiyo humtuliza mtoaji kuliko mpokeaji. Mtoto hurudi kesho pale pale kwa sababu pale ndipo panapolipa, na jioni fedha huweza kuishia katika chupa ya gundi au mkononi mwa mkubwa mwenye nguvu. Yule amfukuzaye na huyu amrushiaye wanafanana katika jambo moja: wote wawili hawajui jina lake.

Msaada wa kweli ni wa polepole. Chama cha Undugu Society of Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1973 na Padri Arnold Grol, Mholanzi, kiliwaendea vijana wa mitaa ya Nairobi, kikawapatia masomo na mafunzo ya kazi. Njia ndiyo hiyo: kumwendea mtoto, kumsikiliza, kujua alilolikimbia, na kulitengeneza kabla ya kumrudisha. Amrudishaye mtoto katika nyumba iliyojaa njaa au fimbo amempeleka safari fupi tu. Wiki mbili baadaye atamkuta njiani tena.

Lakini kazi hii haianzi Nairobi. Inaanza siku dawati la darasani linapobaki tupu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, humpa kila mtoto haki ya jina, haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kinga dhidi ya kazi za kumnyonya na kumdhuru. Haki hizo hazitajilinda zenyewe. Mwalimu na amfuate mtoto kwao siku ya tatu, si mwaka wa pili. Chifu na afisa wa watoto waarifiwe mapema. Mashamba yaletayo mashine yawafikirie pia watoto wa wale ambao mashine imewatoa kazini. Mkono mmoja haulei mwana.

Nawe kijana usomaye maneno haya, huenda leo huna shilingi ya kutoa. Ulimi unao. Mwenzako akikosekana darasani, uliza yuko wapi. Ukimkuta mtoto mwenye gunia njiani, usimwite chokoraa. Mwulize jina lake, kisha umwite kwa jina hilo. Mimi nilikuwa na jina la mwanafunzi wangu mkononi, limeandikwa kwa wino, nikaliacha lipotee.