Askari na Vitabu vya Mweru

Askari apelekwaye kulinda mwambao wa Ziwa Mweru, awe wa jeshi au wa polisi, hujifunza upesi njia za doria, mitaa ya Nchelenge na Kashikishi, na mahali mitumbwi inapotia nanga. Jambo asilojifunza upesi ni habari za watu anaowalinda. Nyingi ya habari hizo zimo vitabuni, na katika miezi iliyopita tumevisoma baadhi ya vitabu hivyo kwa nia ya kuwashauri askari wetu wavisome wao pia.

Cha kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kilichoandikwa kwa Kiswahili na mfanyabiashara huyo mwenyewe, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Humo anasimulia vita vyake vya mwaka 1867 na Nsama, mtawala wa Watabwa, ambaye nchi yake ilikuwa kati ya Mweru na Tanganyika. Kwa maneno yake, yeye alikwenda kutafuta pembe, akashambuliwa kwa hila, akajeruhiwa kwa mishale, kisha akashinda. Cha pili ni shajara za mwisho za David Livingstone, zilizochapwa mwaka 1874 baada ya kifo chake. Vita hivyo hivyo vilimzuia njiani zaidi ya miezi mitatu kabla hajafika Mweru mwezi wa Novemba 1867. Katika shajara zake tunasoma habari za safari iliyokwama, na za binti wa Nsama aliyeletwa aolewe na mmoja wa Waarabu ili amani ipatikane.

Polisi aliyezoea kuandikisha maelezo ya mashahidi ataitambua mara moja faida ya kuvisoma vitabu hivi viwili kwa pamoja. Kila shahidi husema yale aliyoyaona, na aghalabu huliacha lile lisilompendeza. Shahidi wa tatu, ambaye ni Nsama mwenyewe, hakuacha kitabu. Yafaa msomaji akumbuke daima kwamba yuko mtu ambaye maelezo yake hayakuandikwa.

Upungufu huo ulionwa na wenyeji, na baadhi yao wakashika kalamu. Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, aliziweka habari za Walunda wa Luapula katika kitabu cha Kibemba, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, kilichotolewa mwaka 1951. Stephen Mpashi naye aliandika, kwa lugha hiyo hiyo, hadithi ya Cekesoni Aingila Ubusoja, yaani Jackson aingia jeshini. Askari atakayekisoma kitabu hicho ataiona kazi yake kama wanavyoiona watu wa nyumbani alikotoka.

Kitabu kingine ni cha mwanahistoria David Gordon, Nachituti's Gift, kilichotolewa mwaka 2006. Chaanza na mapokeo ya Nachituti, dada wa mfalme Nkuba, aliyemkabidhi Mwata Kazembe nchi na maji baada ya Kazembe kulipiza kisasi cha mwanawe. Kisha chaeleza jinsi watawala wa jadi, wafanyabiashara, serikali na wavuvi walivyoshindana juu ya ziwa hili hadi miaka ya karibu. Kila mwaka mwezi wa Desemba, marufuku ya uvuvi inapoanza, askari hukutana na mvuvi mwenye nyavu na watoto wenye njaa. Sheria ni lazima itekelezwe. Lakini askari anayejua kwamba swali la nani mwenye ziwa lilikuwapo kabla ya sare yake atasema na mvuvi huyo kwa adabu, naye atasikilizwa.

Wako watakaosema kwamba zamu ni nyingi na vitabu ni haba. Hatulikanushi hilo. Lakini Livingstone, akiwa amekwama Manyema mgonjwa, aliisoma Biblia yote mara nne, na karatasi zilipomwishia aliandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino uliotokana na miti. Nusu saa kila siku, kabla ya zamu au baada yake, yatosha kumaliza kitabu kwa mwezi. Msomaji na awe na daftari na kalamu, aandike jina asilolijua, kisha amwulize mzee wa kijiji. Wawili wakisoma kitabu kimoja na kubishana, wote wawili watakikumbuka.

Jambo hili si la kupitisha wakati tu. Mwaka 2017 maelfu ya wakimbizi walivuka kutoka Kongo, na mwaka 2018 makao ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya hii ya Nchelenge. Wengi wa watu hao husema Kiswahili. Askari ambaye Kiswahili chake ni cha amri pekee hawezi kusikia shida ya mama aliyeikimbia vita. Tena ng'ambo ya ziwa, mjini Kilwa, mwezi wa Oktoba 2004, jeshi lilipokwenda kuzima uasi mdogo, watu zaidi ya 70 waliuawa. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba serikali ya nchi hiyo iliwajibika. Uamuzi huo nao umeandikwa, na hakuna askari wa mpaka huu asiyepaswa kuusoma.

Twatoa wito kwa makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo: kila kambi na kila kituo kiwe na rafu ya vitabu, hata kama ni kumi tu, na kiwe na mtu wa kuviandika vinapoazimwa na vinaporudi. Kwa askari mwenyewe, twasema aanze na kimoja. Raia hawana njia ya kuchagua askari atakayebisha hodi mlangoni mwao usiku. Ni haki yao kwamba awe mtu anayejua amesimama mbele ya nani.