Je, upanga wa Wakelti ulipinda kweli?

Mtu akikuonyesha upanga unaometameta na kukuapia kuwa ni wa Kikelti hasa, kama ule wa kale, usikimbilie kuusifu. Mwulize kwanza: chuma chake kilitoka wapi?

Swali hilo huwatoa jasho mafundi wengi wa Ulaya na Marekani wanaofua panga za kale, baadhi kwa kujifurahisha, wengine kwa ajili ya filamu na maonyesho ya historia. (Nasema upanga wa vita, msomaji, si panga la kufyekea nyasi.)

Umbo halina utata mwingi. Wakelti, zile jamii zilizoenea kutoka Ireland hadi Ulaya ya kati karne kadhaa kabla ya Kristo, waliacha silaha nyingi makaburini na majini. Mwaka wa 1857 maji ya Ziwa Neuchâtel nchini Uswisi yalipopungua, mahali paitwapo La Tène palianza kutoa vyombo vya chuma. Panga zaidi ya 150 zimepatikana hapo, nyingine zingali ndani ya ala zake. Kwa hivyo fundi anajua urefu, upana, makali ya pande mbili na hata jinsi ala ilivyonakshiwa. Mpini ndio humsumbua, kwa kuwa mbao na pembe huoza.

Lakini matata hasa yamo kwenye chuma chenyewe. Fundi wa leo huchukua springi ya lori, ile ile ambayo mafundi wetu wa jua kali huigeuza kuwa visu. Ni feleji safi ya kiwandani, iliyo sawa kutoka ncha hadi ncha. Ukiifua, ukaizamisha ndani ya mafuta ingali nyekundu, kisha ukaipasha tena kwa moto mdogo, utapata upanga ambao ukiupinda hurudi ulivyokuwa.

Mhunzi wa Kikelti hakuwa na kitu kama hicho. Tanuri lake la udongo halikuyeyusha chuma, maana chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Alichotoa humo ni bonge lenye matundu kama sifongo, limejaa uchafu wa mawe, sehemu moja laini na nyingine ngumu kwa sababu ilinyonya kaboni ya mkaa. Bonge hilo alilipiga, akalikunja, akalipiga tena hadi uchafu mwingi ukatoka. Kisha alichagua vipande kwa jicho na mkono tu, akaviunga kwa moto na nyundo.

Basi wapo wanaosema: kama ni hivyo, upanga halisi ni ule dhaifu. Shahidi wao ni Polybius, mwanahistoria Mgiriki. Akieleza vita vya mwaka wa 223 K.K. kaskazini mwa Italia, aliandika kwamba upanga wa adui za Warumi ulifaa kwa pigo la kwanza tu. Baada ya hapo ulipinda, na mwenyewe alilazimika kuukanyaga chini aunyoshe huku vita vikiendelea!

Kisa kinachekesha, na ndiyo sababu hurudiwa sana. Lakini wanafunzi wa historia na watazame aliyekisimulia. Polybius alikuwa rafiki wa wakubwa wa Roma, na aliandika zaidi ya nusu karne baada ya vita hivyo. Wakelti wenyewe hawakuacha kitabu cha kujitetea. Mwaka wa 1906 msomi Mfaransa, Salomon Reinach, alitoa hoja kwamba huenda kisa hicho kilizuka kwa sababu watu waliona panga zilizopindwa makusudi. Na kweli, Wakelti walikuwa na desturi ya kupinda silaha walipozitoa sadaka au kumzika mwenyewe. Katika hekalu lao la Gournay-sur-Aronde, Ufaransa, zilifukuliwa silaha nyingi za aina hiyo.

Naye Radomír Pleiner, mtaalamu wa chuma cha kale kutoka Czech, alichapisha mwaka wa 1993 kitabu kuhusu panga hizo baada ya kuchunguza chuma chake kwa hadubini. Alikuta nyingine hafifu kabisa, na nyingine zilizoungwa kwa ustadi, makali yakiwa ya chuma kigumu. Yaani palikuwa na wahunzi wazuri na wababaishaji, kama popote pale.

Kwa hiyo anayefua upanga laini makusudi ili uwe "wa kweli" amemwamini mpinzani wa Wakelti kuliko chuma chao. Mimi namheshimu zaidi fundi anayetamka wazi: umbo ni la Kikelti, chuma ni cha lori.

Na kama bado unadhani wahunzi wale walikuwa wazembe, sikia ya Llyn Cerrig Bach. Mwaka wa 1942, katika Vita Vikuu vya Pili, uwanja wa ndege ulikuwa ukijengwa katika kisiwa cha Anglesey, Wales. Wafanyakazi walikuta mnyororo wa chuma ndani ya tope la kinamasi. Wakaufunga kwenye trekta, wakavutia malori yaliyokwama. Baadaye wataalamu walieleza kwamba ulikuwa mnyororo wa Wakelti wa kufungia mateka shingoni, wa miaka kama 2,000. Haukukatika.