Acheni kuwatisha akina mama kuhusu chanjo ya matone: kinachoua watoto ni kuchelewa

Wengi mmezoea kunisoma nikizungumzia mdondo wa kuku, kupe na bei ya ufuta. Leo naomba mnivumilie, maana nitazungumzia tumbo la mtoto mchanga. Mimi si daktari. Ni afisa ugani. Lakini maneno niliyoyasikia wiki mbili zilizopita pale njia panda yamenikosesha usingizi, na nikinyamaza nitakuwa nimeshiriki.

Nilikuwa nimesimama kwa muuza mananasi, gari la kwenda Bagamoyo likisubiri abiria. Mama kijana alikuwa na mtoto wa wiki sita mgongoni, anakwenda kliniki. Mfanyabiashara mmoja, mtu mzima anayeheshimika, akamwambia: "Mwanangu, sindano achome, lakini yale matone ya mdomoni kataa. Ndiyo yanayosokota utumbo." Mama yule hakubisha. Alitikisa kichwa tu, na ile hali ya kutobisha ndiyo iliyoniogopesha.

Sasa nianze na jambo ambalo wengi wanaotetea chanjo hawapendi kulisema: yule mzee hakulitoa neno lake hewani. Kuna ugonjwa kweli, na kuna chanjo iliyowahi kuhusishwa nao kweli.

UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Chukua shati la mikono mirefu, livue kwa haraka. Utaona mkono umejikunja ukaingia ndani yake wenyewe. Ndivyo utumbo wa mtoto unavyoweza kufanya: kipande kimoja kinaingia ndani ya kingine. Kwa kitaalamu huitwa intasasepsheni. Njia inaziba, damu haipiti vizuri, na utumbo ukikaa hivyo muda mrefu unaanza kufa na hata kutoboka.

Huwapata zaidi watoto wa chini ya mwaka mmoja, hasa kati ya miezi 4 na 8. Wavulana huupata kuliko wasichana. Kwa walio wengi sababu haijulikani. Kwa baadhi hutanguliwa na maambukizi ya virusi, au mtoto kazaliwa na kijinyama kwenye utumbo kinachovutwa ndani. Mara nyingi anayepatwa ni mtoto mnene, mwenye afya, anayenyonya vizuri. Ugonjwa huu ulikuwepo kabla ya chanjo yoyote ya matone.

HIYO CHANJO ILIYOONDOLEWA

Mwaka 1998 Marekani iliruhusu chanjo ya kwanza ya kuzuia kuhara kunakoletwa na virusi vya rota. Iliitwa RotaShield. Haukupita mwaka, taarifa za watoto 15 waliopata intasasepsheni baada ya kuchanjwa zikafika serikalini, na Julai 1999 utoaji ukasimamishwa. Oktoba mwaka huohuo ikaondolewa sokoni. Hesabu za baadaye zilionyesha madhara hayo yalimpata takriban mtoto mmoja kati ya 10,000 waliochanjwa.

Hapo ndipo watu wa njia panda wanapoishia. Wanachukua kisa cha mwaka 1999 cha chanjo ambayo mtoto wa Msata hajawahi kuinusa, wanakibandika kwenye chanjo nyingine. Ni sawa na kusema usinunue dawa ya kuogesha ng'ombe kwa sababu miaka ishirini iliyopita dawa ya aina nyingine ilileta shida.

Chanjo zilizofuata zilipimwa kwa ukali zaidi kwa sababu ya kisa hichohicho. Rotarix, ambayo Tanzania iliianza Januari 2013 kwa dozi mbili, wiki ya 6 na wiki ya 10, ilijaribiwa kwanza kwa watoto zaidi ya 60,000 wa Amerika ya Kusini na Kati na Ufini, lengo kubwa likiwa kuangalia utumbo tu. Baadaye, ilipotumika kwa mamilioni, nchi kama Marekani na Australia ziliona ongezeko dogo: kati ya mtoto 1 na 6 hivi kwa kila 100,000 waliochanjwa.

Na huku kwetu? Nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, zilifuatilia watoto walioletwa hospitali kubwa na tatizo hili. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Walichukua watoto zaidi ya 700 waliougua na kuuliza: je, ugonjwa ulitokea zaidi katika wiki tatu baada ya dozi kuliko siku nyingine? Jibu likawa hapana. Ndani ya siku 7 za kwanza baada ya dozi ya kwanza, zile ambazo chanjo ya 1999 ilikuwa na hatari kubwa, alipatikana mtoto mmoja tu.

Mfugaji analielewa hili vizuri. Umechanja kuku mia dhidi ya mdondo leo, keshokutwa wamekufa watatu. Unaweza kuilaumu chanjo. Lakini swali la mtu mwenye akili ni hili: wangekufa wangapi bila chanjo, na je, hao watatu hawakuwa wameshaambukizwa? Watoto wote wanapelekwa kliniki miezi ya mwanzo, na utumbo kuziba hutokea mwaka wa kwanza. Lazima wapo watakaougua baada ya kuchanjwa, kama wapo watakaoota jino baada ya kuchanjwa.

NANYI WATU WA KLINIKI, SIKIENI

Sitawalaumu wafanyabiashara peke yao. Muuguzi anayemwambia mama "chanjo haina madhara hata kidogo" naye anapanda mbegu ya uvumi. Mama akija kusikia kisa cha RotaShield kwenye simu, ataona alidanganywa, na hataamini tena neno lolote. Mwambieni ukweli: hatari ndogo sana imeonekana katika baadhi ya nchi, kwetu haikuonekana, na dalili za kuangalia ni hizi. Mwulizeni pia kama mtoto amewahi kupata tatizo hili, kwa sababu aliyewahi kulipata hapaswi kupewa matone hayo. Mwambieni vilevile kwamba chanjo haizuii kila kuhara. Katika majaribio ya Malawi ilipunguza kuhara kukali kwa rota kwa karibu nusu. Nusu si yote, lakini kumbukeni kuwa mwaka 2008 virusi hivi vilikadiriwa kuua watoto zaidi ya 450,000 duniani, wengi wao katika nchi kama zetu. Mkulima anayepewa mbegu inayookoa nusu ya hasara haitupi kwa kuwa haijaokoa yote.

MHALIFU HALISI

Katika zile nchi saba, zaidi ya mtoto mmoja kati ya kumi waliofikishwa hospitali na utumbo uliojikunja alikufa. Katika nchi tajiri kifo cha ugonjwa huu ni nadra. Utumbo ni uleule. Tofauti kubwa ni saa. Akiwahishwa, mahali penye vifaa huweza kuunyoosha kwa kupitisha hewa au maji njia ya haja kubwa huku wakitazama kwa mashine, bila kupasua. Akichelewa ni upasuaji, na akichelewa zaidi ni kukata kipande kilichokufa.

Na huku kwetu muda unapotelea wapi? Unapotelea kwenye neno moja: chango. Mtoto analia anajikunja, bibi anasema ni chango, jirani anachemsha mizizi, anapewa. Kesho anatapika, inasemwa chango linatoka. Keshokutwa choo kina damu, inasemwa ni kuhara, ananunuliwa vidonge dukani. Siku ya tatu ndipo baba anatafutwa atoe nauli.

Niliwahi kumpakia mama mmoja na mwanawe kwenye pikipiki ya kazi, usiku, tukitokea kitongoji cha ndani. Mtoto alikuwa na miezi sita na siku ya tatu ya "chango". Alikuwa amelegea kama nguo iliyoloa. Tulifika, walimpokea, hakuiona asubuhi. Mama aliniuliza kama ni yale matone. Alikuwa ameyapata miezi mitatu na zaidi nyuma. Hakuna aliyemwuliza kuhusu zile siku tatu, nami nilishindwa kuzitaja.

Kwa hiyo nasema wazi: mzee anayemtisha mama kuhusu chanjo, kisha mtoto akijikunja anamwuzia dawa ya chango, ametenda kosa mara mbili.

DALILI ZA KUSHIKA KICHWANI

1. Mtoto analia ghafla kwa maumivu, anakunja miguu tumboni, ananyamaza, kisha baada ya dakika kadhaa anaanza tena.
2. Anatapika, na baadaye matapishi yanakuwa ya kijani. Matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga ni dharura, iwe sababu ni hii au nyingine.
3. Choo chenye damu na kamasi, kama juisi nzito ya choya. Usisubiri dalili hii, mara nyingi huja kwa kuchelewa.
4. Tumbo kuvimba, au uvimbe unaoshikika.
5. Kulegea na kusinzia kusiko kwa kawaida.

Ongezeni mbili zinazoziba pia: ngiri ya kinena iliyokuwa inarudi ndani na sasa hairudi, huku mtoto analia au kutapika, na mtoto aliyezaliwa akapitisha siku mbili bila choo cha kwanza.

UFANYE NINI?

Usimpe mizizi, usimwekee maji ya dawa njia ya haja kubwa, usimpe vidonge vya kuzuia kuhara. Nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na useme neno hili: "Nahofia utumbo umeziba." Wakikupa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au Tumbi, usirudi nyumbani kwanza kuuza kuku. Na hapo nawageukia akina baba na vikundi vya kuweka na kukopa: matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma kwa sera yetu ni bure, kinachokwamisha ni nauli. Tengeni kwenye mfuko wa jamii wa kikundi kiasi cha kukodi gari usiku mmoja, na mkubaliane kwamba mama anaweza kukichukua bila kusubiri kikao wala ruhusa ya mume aliye safarini.

Yule mama wa njia panda nilimfuata kabla gari halijaondoka. Nilimweleza haya kwa kifupi, yote mawili, hatari na faida. Akasema, "Sasa kaka, mbona hawakuniambia hivyo?" Nilikosa jibu, nikamlipia nauli.