Vazi la Mpiga Mbizi na Matunzo Yake

Jua la adhuhuri huwaka sana kando ya Ziwa Victoria, hata mpita njia akastaajabu kumwona askari akijivika vazi zito la mpira toka shingoni hadi vifundoni. Maji yenyewe, juu juu, huwa na joto la nyuzi 24 hadi 27. Watoto huogelea humo pasipo kutetemeka. Mbona basi mpiga mbizi ajitaabishe?

Jawabu ni kwamba maji huunyang'anya mwili joto lake upesi kuliko hewa, yapata mara 25. Mtoto huogelea kitambo kidogo, akatoka kuota jua. Lakini askari apapasaye matopeni kutafuta maiti, au bunduki iliyotupwa, aweza kukaa karibu saa nzima akisogea kidogo tu, tena akivuta hewa kavu ya chupa ambayo nayo humpunguzia joto kila apumuapo. Kwanza vidole hufa ganzi, fundo la kamba likamshinda kufungua. Kisha akili huzubaa: husahau kutazama kipimo cha hewa, wala hatambui kwamba amesahau. Baridi ya namna hii haibishi hodi, na ndiyo maana watu wengi huidharau.

Kazi yenyewe haina mzaha. Kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018, fundi wa mitambo alipatikana hai ndani yake baada ya siku mbili. Tarehe 24 Novemba mwaka huo huo ikazama MV K-Palm, upande wa Mukono, na wapiga mbizi wa Uganda wakashinda majini wakitafuta miili. Kazi kama hizo haziwezekani kwa mtu ambaye vidole vyake havishiki.

Vazi hili la mpira lilibuniwa kwenye miaka ya 1951 na 1952 na Hugh Bradner, mtaalamu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha California, aliyewafikiria wapiga mbizi wa jeshi la majini la Marekani. Alitambua kwamba si lazima mpiga mbizi awe mkavu. Kizuiacho joto lisitoroke ni vipovu vya gesi vilivyomo ndani ya mpira uitwao neoprini. Maji machache yapenyayo hupata joto la mwili na kutulia, mradi vazi limebana.

Basi jambo la kwanza katika kuchagua ni kipimo cha mwili. Vazi lisilobana mgongoni au kwapani huingiza maji mapya kila mtu ainamapo, na hapo hata unene wa milimita 7 haumfai kitu. Likibana mno shingoni laweza kumtia mtu kizunguzungu hata azimie. Kwa ziwa letu milimita 3 hutosha kwa kazi fupi, na milimita 5 kwa azamaye kila siku au akaaye sana. Ikumbukwe kwamba kwenye kina cha meta 10 vile vipovu husinyaa hata kufikia kama nusu ya ukubwa wake. Vazi huwa jembamba, na mwenyewe huwa mzito zaidi majini. Kwa hiyo kila abadilipo vazi hapana budi apime upya mkanda wake wa risasi (madini, si zile za bunduki). Aliyefunzwa baharini apunguze uzito ajapo ziwani, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi humwelesha mtu kidogo: mtu na vyombo vyake wakiwa kilo 100, tofauti yapata kilo mbili na nusu.

Vazi livaliwe dakika ya mwisho, kivulini. Joto la nchi kavu nalo limewaangusha wengi kabla hawajalowa.

Sasa yafuata yanayowahusu watu wa nyumbani, kwa kuwa mavazi mengi huharibikia kwenye kamba ya kuanikia na si majini. Mke mwema, au kijana aliyetumwa, hulipokea vazi linalonuka matope, akalitia maji ya moto na dawa ya kung'arisha nguo, akalisugua kwa brashi, kisha akalitandaza juu ya bati linaloungua kwa jua. Baada ya miezi michache mpira hukakamaa na kupasuka kwenye mishono. Inavyopasa ni kulilowesha katika maji baridi safi pamoja na sabuni laini kidogo, kuligeuza nje ndani, kulisuuza mara mbili, na kulianika kivulini penye upepo. Ndani likikauka, ligeuzwe tena. Maji hayo yawe ya bomba au ya mvua, yasiwe ya kuchotwa ufukoni, mahali ambapo viini vya kichocho huelea. Na vazi likauke kabisa kabla ya kuvaliwa tena.

Halikunjwi kama shati, wala halipigwi pasi. Lining'inizwe kwenye hanga pana ya koti, au juu ya mti mnene, kamwe lisiwe kwenye waya mwembamba ambao huacha alama ya kudumu. Lisikae karibu na jiko, mafuta ya taa, petroli wala jenereta. Zipu ipakwe nta.

Panya naye hupenda kutafuna mpira huo, basi lisiachwe sakafuni. Tundu dogo huzibwa kwa gundi ya neoprini: kingo zote mbili hupakwa, zikaachwa zikauke, zikapakwa tena, na zikianza kunata zikabanwa pamoja kwa vidole hadi zishike. Tundu lililo gotini hurudi upesi. Hapo afadhali kibandikwe kiraka kutoka vazi kuukuu, kwa kuwa mpiga mbizi hushinda amepiga magoti matopeni.