BINTI WA KIISLAMU NA MPIRA WA RAGA: USITOE HARAMU MFUKONI



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad ﷺ, Aali zake na Swahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu yangu katika imani, zimekuwa nyingi picha za mabinti wa Kiislamu wanaocheza raga kwenye klabu za mitaani. Utamwona binti kavaa hijabu, kakumbatia ule mpira wenye umbo la yai, wenzake wanamkimbiza kumwangusha kwenye matope. Kisha teremka chini usome maoni ya wanaume wa Kiislamu. “Haramu!” “Jike dume!” “Huyu nani atamuoa?”

Leo nazungumza na wewe uliyeandika hayo. Tulia, soma mpaka mwisho, kisha unijibu kwa dalili.

KWANZA: HARAMU SI NENO LAKO

Katika Suratun-Nahl, aya ya 116, Allah ametukataza kuziachia ndimi zetu zihalalishe na kuharamisha kwa uongo, na akatuonya kwamba wanaomzulia Yeye hawafaulu. Wanazuoni wakatuwekea kanuni: mambo ya kidunia asili yake ni kuruhusiwa mpaka ije dalili ya kukataza. Basi dalili yako iko wapi? Kwamba hukuzoea kuona si dalili. Kwamba bibi yako hakucheza si dalili. Na ukimwita mwanamke wa Kiislamu jina la kejeli mbele ya maelfu ya watu, hiyo dhambi haina khitilafu. Rejea Suratul-Hujuraat, aya ya 11.

PILI: MTUME ﷺ ALIFANYA NINI?

Imepokewa na Abu Dawud na Ahmad kwamba Mama Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa safarini na Mtume ﷺ. Akashindana naye mbio, naye Aisha akamshinda. Ukapita muda, Aisha akawa amenenepa, wakashindana tena, safari hii Mtume ﷺ akashinda. Akacheka, akamwambia kuwa ile ya mwanzo sasa imelipwa.

Katika riwaya ya Ahmad kuna jambo ambalo wengi wanalipita: kabla ya mbio, Mtume ﷺ aliwaamuru watu watangulie mbele. Wakatangulia. Ndipo wakakimbia.

Hebu zingatia hapo. Angeweza kumwambia mkewe atulie. Hakumwambia hivyo. Aliwaondoa wanaume, mbio zikakimbiwa. Wewe unafanya kinyume chake: wanaume umewaacha wakodoe macho, na wewe ukiwa mmoja wao, kisha unataka mbio zizuiwe.

TATU: “LAKINI RAGA NI MCHEZO WA KUUMIZANA”

Hili ni swali la haki na linastahili jibu. Mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, lilitoa uamuzi kuwa ngumi za ulingoni ni haramu, kwa sababu anayepigana humo anakusudia kumdhuru mwenzake, na kumpiga usoni Mtume ﷺ alikukataza. Je, raga ni sawa na ngumi? Katika raga, ukimpiga mtu ngumi unatolewa nje. Ukimkaba shingoni au kichwani unaadhibiwa. Kusudio ni kumzuia aliyeshika mpira asifike mstari wa mwisho. Huko Uingereza, tangu Julai 2023, klabu za ngazi ya chini zimeamriwa kukabana chini ya kifua ili vichwa visigongane.

Hata hivyo madhara yapo, na siwezi kukuficha. Dada yangu, ukigongwa kichwa ukaona kizunguzungu, toka uwanjani. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo ya ngazi ya chini unasema aliyepata mtikisiko wa ubongo asirudi mashindanoni kabla ya siku 21. Ukimficha daktari au kocha ili ucheze fainali, hapo umeingia kwenye kujidhuru, na dini yetu imekataza kujidhuru na kudhuruana. Mwili huo ni amana.

NNE: MASWALI YALIYOTAKIWA KUULIZWA

Ungekuwa kweli unamtakia kheri dada yako, ungemuuliza mambo manne.

Stara. Sheria za shirikisho la raga duniani zinaruhusu kitambaa cha kichwa mradi kisilete hatari, na zinaruhusu taiti ndefu chini ya bukta. Kwa hiyo kocha akikwambia sheria inakulazimisha uvue hijabu, mwambie aisome tena. Ila, dada yangu, taiti peke yake inachora umbo. Mbele ya wanaume wasio mahram wako haitoshi.

Mchanganyiko. Kocha ni nani? Waamuzi? Watazamaji? Nani anapiga video na inakwenda wapi?

Swala. Mechi inaanza saa ngapi, na Adhuhuri au Alasiri unaiswali wapi?

Pombe. Klabu nyingi za Ulaya zina baa yao, na baada ya mechi timu zote mbili hukaa kunywa pamoja. Mtume ﷺ ametukataza kukaa kwenye meza inayozungushwa ulevi, hata kama wewe unakunywa maji. Mechi ikiisha, salimia wenzako, shika begi lako, uondoke.

Masharti haya ni mazito, sikuyarahisisha. Lakini hakuna hata moja linalosema mwanamke asishike mpira.

TANO: WEWE MWENYEWE JUMAMOSI ULIKUWA WAPI?

Ulikuwa kibanda umiza, unaangalia Ligi ya Uingereza. Mapaja ya wanaume ishirini na wawili yako nje, na wanazuoni wengi wamesema uchi wa mwanaume ni kati ya kitovu na magoti. Hukuandika “haramu”. Adhana ya Magharibi ikaita dakika ya themanini, ukasema “ngoja zimalizike”. Katikati ya mechi likapita tangazo la kubeti, nawe ukaangalia mkeka wako. Kisha ukarudi nyumbani, ukafungua simu, ukamkuta binti aliyefunika kichwa, miguu na mikono, ukageuka mufti!

SITA: ANAENDA WAPI ANAPOFUKUZWA?

Huko London yuko dada mmoja maarufu, Zainab Alema, muuguzi na mama wa watoto, mwenye asili ya Ghana. Amecheza raga ya klabu akiwa na hijabu yake, kisha akaanzisha kundi la kuwakutanisha wanawake wa Kiislamu wanaoupenda mchezo huo. Jiulize kwa nini lilihitajika kundi. Kwa sababu kwenye klabu hao mabinti ni wageni, na msikitini wanaambiwa wamepotea.

Tazama na Ufaransa, kwenye soka. Tarehe 29 Juni 2023 mahakama ya juu ya utawala iliunga mkono shirikisho la soka kuwazuia wachezaji kuvaa hijabu kwenye mechi. Kule binti anaambiwa vua au toka. Kwetu anatukanwa hata akiwa amejifunika. Milango yote miwili ikifungwa, shetani hakosi wa tatu wa kumfungulia.

Wala usiseme haya ni ya Ulaya tu. Wanawake wa Kenya walicheza raga ya wachezaji saba kwenye Olimpiki ya Rio 2016 na ile ya Tokyo iliyofanyika 2021. Mpira huu umeshafika kwenye shule wanazosoma mabinti zetu.

Kwa hiyo, enyi kamati za misikiti na wenye shule za Kiislamu, wa Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na Eastleigh: tufanye alivyofanya Mtume ﷺ. Tuwaondoe wanaume. Kiwanja chenye ukuta, saa mbili kwa wiki, mwalimu mwanamke, simu zinabaki getini. Iwe raga, iwe netiboli, iwe kukimbia tu. Gharama yake ni ndogo kuliko zulia jipya la msikiti. Ukishaweka kiwanja hicho, ndipo uwe na uso wa kumwambia binti, “Usiende kule.”

Nawe baba mwenye binti anayetaka kucheza: kaa naye, mwulize yale maswali manne, nenda kwenye klabu ukaone kwa macho yako. Ukikuta mambo hayafai, mzuie kwa upole na umtafutie mbadala. Usimzuie kwa sababu watu watasema.

Ewe Allah, wastiri mabinti zetu, wape afya na nguvu za kukutii, na uzilinde ndimi zetu zisiwatoe kwenye dini Yako. Aamiin.

Mwenye dalili kinyume na haya ailete kwa adabu, tutaisoma. Mwenye matusi, nafasi yake haipo hapa. Sambaza imfikie na mwenzako.

Wabillaahi tawfiiq.